Kamba ya kunasulia gari: nimeijaribu na mtani wangu wa mkonga, Tanga

Iangalieni kwanza. Naishika hivi kwa mikono miwili, maana ina uzito wake. Kamba nyeusi, nene kama kidole gumba cha fundi mwashi, urefu mita 9, kitanzi huku na kitanzi huku. Kwenye lebo wameandika milimita 22, tani 13. Ni kamba ya nailoni, ile inayonyumbuka, ya kunasulia gari lililozama.

Assalaam alaykum nyote mnaotazama. Niko nyumbani, Chumbageni, Tanga. Gari hili nyuma yangu ni Land Rover 110 yangu. Lile jeupe pale, lenye bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo, si langu. Ni Land Cruiser hadtopu, tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba hilo, ya mtani wangu. Mwenyewe kakaa kivulini, kamera haimwoni, anasubiri nikosee neno anikatize.

Nimemleta kwa sababu kamba hii huwezi kuichambua peke yako. Winchi unafunga kwenye mti unajivuta. Jeki unapiga mwenyewe, chepe unashika mwenyewe. Kamba hii bila gari la pili ni kamba ya kuanikia nguo, basi. Na huku kwetu ukiwa na Land Rover, gari la pili litakalopita njia hiyo mbovu, mara nyingi ni la mtani.

Nasema mtani kwa maana yake kamili. Sisi wa huku tumekulia kwenye utani, Wabondei, Wazigua, Wasambaa, Wadigo, mnaujua. Mtani wako anakuja msibani anawachekesha wafiwa, na ndiye huyohuyo anayeshika jembe makaburini. Watu wa Land Rover na watu wa mkonga wa Tanga wako hivyo. Gari langu yeye halitaji kwa jina, analiita Sufuria. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na ina sababu yake: lilipotolewa hadharani mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kinatolewa kwa mgawo. Wakatumia walichokuwa nacho. Mimi naona hiyo ni akili kubwa, na bodi yangu haijaota kutu pamoja na chumvi yote ya bahari hii. Yeye anasema likichakaa litapikiwa pilau. Mimi namuuliza: mkonga tumeuona, tembo mwenyewe yuko wapi?

Na utani huu haukuanzia kwetu. Gari la Toyota lililozaa Land Cruiser lilianza 1951 kwa jina la BJ, likapandishwa Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Ilipofika 1954 wakataka jina la kuuzia. Mkurugenzi wao wa ufundi, Hanji Umehara, alisema waziwazi kwamba huko Uingereza kuna mshindani anaitwa Land Rover, na yeye alitafuta jina lisilopungua heshima mbele ya washindani. Ndipo likatoka Land Cruiser. Kwa hiyo mtani, hata jina lako limetoka kwenye kututazama sisi. Haya, anacheka huko. Tuendelee na kamba.

Kabla ya hii tulikuwa tunavutana kwa mnyororo, na kabla ya mnyororo kwa kamba ya katani. Na katani ndiyo Tanga yenyewe. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, huko upande wa Pangani. Kutoka miche hiyo, 1964 nchi ilikuwa inazalisha tani kama 230,000. Halafu nyuzi za viwandani zikaja zikaiangusha bei yake. Nayasema haya kwa heshima, maana wazee wengi wanaonitazama wamekata mkonge kwa mikono yao, na mimi nimesomeshwa kwa fedha ya mkonge. Nimeshika hii nailoni na roho yangu inajua nimeshika nini. Lakini katani hainyumbuki. Inafaa kufungia mzigo, inafaa jahazi, kunasulia gari haifai. Inakatika.

Mnyororo ndio mbaya zaidi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Miaka ya nyuma tulikuwa tunavuta gari kwa mnyororo, gari limekwama, tukavuta kwa kushtua. Mnyororo hauna pa kupeleka ule mshtuko, kwa hiyo unaupeleka kwenye chesi. Siku moja ndoano iling'oka na bolti zake ikapita kwenye kioo cha mbele cha mtani. Upande wa abiria. Siku hiyo abiria alikuwa ameshuka kwenda kukata majani ya kuweka chini ya tairi. Mtani alizima gari, akakaa chini barabarani, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Hakuna utani siku ile. Toka hapo mnyororo haujapanda gari lolote kati ya haya mawili.

Sasa nailoni inafanya nini? Inanyumbuka, inafika mpaka asilimia 30 hivi ikivutwa kwa nguvu zote, yaani mita 9 zinasogea kuelekea mita 12. Gari linalovuta likiondoka, kamba inameza ile nguvu kidogokidogo, halafu inairudisha kwa gari lililokwama. Kamba iwe imelegea kama mita moja na nusu, gari la kuvuta liko gia nzito namba mbili, linaondoka taratibu, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Aliyekwama naye aingize gia, asikae kama abiria.

Jaribio la kwanza lilikuwa masika, barabara za shamba la mkonge upande wa Kigombe, kwenye njia ya Tanga kwenda Pangani. Udongo mweusi wa kunata. Nilipakia matofali ya mzee mmoja anayejenga, na gari likakaa mpaka ekseli. Land Rover 110 tairi zote nne zinavuta muda wote, mkonga lazima uingize fowili mwenyewe, na hilo huwa nalisema sana. Siku ile tairi zangu zote nne zilikuwa zinazunguka vizuri kabisa, palepale. Tulichimba mbele ya kila tairi, nikapunguza upepo kutoka 35 hadi 20, nikafunga difu, halafu ndipo tukafunga kamba. Msiruke hatua hizo. Ukivuta gari ambalo hujalichimbia, unavuta gari pamoja na shamba.

Mtani akapiga honi moja, akaondoka. Mara ya kwanza gari lilisogea kama nusu mita likarudi. Mara ya pili likatoka. Nilichokisikia ndani ni kama mtu amekuwekea kiganja mgongoni akakusukuma. Hakuna kishindo. Tofali hata moja halikuvunjika, na mzee wa matofali ni shahidi. Injini ya mtani ni 1HZ, lita 4.2, pistoni 6. Yangu ni lita 2.5, pistoni 4. Kwa hiyo akanivuta, sawa, mtu mzito kamvuta mwepesi. Hapo kamba bado sikuiamini.

Niliiamini siku ya pili, ya mkonga.

Ilikuwa kijito kinachoingia baharini, maji yametoka, kila mtu anapita. Mimi nilipita. Mtani akafuata nyayo zangu, lakini mchanga ulikwishatibuka, na gari lake ni zito zaidi na siku ile lilikuwa na mapipa ya maji nyuma. Tairi za nyuma zikazama. Ilikuwa siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa sana, na mtu wa pwani akiona maji ya bamvua yanageuka hahitaji saa. Yanarudi kwa miguu yao wenyewe, huku unayaona.

Wavuvi wawili walikuwa wanatengeneza ngalawa, wakaja na mbao bila kuitwa. Tukashusha mapipa, mtani akatoa upepo, sisi tunachimba, maji yameshafika kwenye tairi za mbele. Niligeuza Land Rover nikamfunga. Ndugu zangu, gari langu ni jepesi kuliko lake, na injini yake nimewatajia. Kwa mnyororo ningezunguka tairi palepale nikazama naye, tukawa wawili. Kwa kamba hii, mvuto wa kwanza hakuna kitu. Wa pili, mkonga ukatikisika. Wa tatu ukapanda juu ya mbao na ukaja mpaka nchi kavu kama ngalawa inayovutwa ufukweni. Gari jepesi likamtoa gari zito. Hiyo ndiyo kazi ya kamba hii, na hapo ndipo fedha yake ilipo.

Mtani alishuka, akaja akapiga boneti yangu kwa kiganja, mara mbili. Akasema, "Sufuria limeiva." Kwangu mimi hiyo ni tuzo.

Sasa kasoro, maana zipo. Rangi nyeusi ni kosa. Kwenye matope huioni, mtu anaikanyaga, anaivuka, na kamba iliyokaza haivukwi. Ningeipata ya rangi ya chungwa ningeinunua hiyo. Pili, imekuja bila pingu za kuifungia kwenye gari, ukanunue mwenyewe. Chukueni pingu laini, zile za kamba. Chuma kikikatika kinaruka kama risasi, ya kamba haina uzito wa kuua. Tatu, mfuko wake ni mdogo, ukishaitumia ikalowa hairudi humo.

Kuna mengine si kasoro ya kamba, ni ya matumizi. Usiikokotee gari bovu lami kutoka Muheza mpaka Tanga, gari la nyuma litakuwa linakujia na kurudi njia nzima. Hapo tumia mkanda wa kawaida usionyumbuka. Usiiunganishe na winchi. Na kile kichwa cha duara cha kukokotea trela, usifunge kamba pale hata kama umeona watu wakifanya. Kikivunjika kinaruka na kamba, na watu wamekufa hivyo sehemu nyingi duniani. Funga kwenye chesi, sehemu iliyotengenezwa kwa kuvutia. Tupa gunia lililolowa katikati ya kamba liizuie isipae ikikatika. Na watu wote wasogee mbali kupita urefu wa kamba yenyewe, watoto hasa, maana gari likikwama huku kwetu kijiji kizima kinakuja.

Unene: msinunue nene kupita kiasi mkidhani ndiyo imara. Kamba ikiwa nene mno kwa gari lako hainyumbuki, umerudi kwenye mnyororo. Kwa haya magari yetu ya tani 2 hadi 3 yakiwa na mzigo, milimita 22 inatosha. Bei yake ilikaribia tairi moja jipya. Tulichanga nusu kwa nusu, na tulichelewa kuinunua miaka mingi kwa sababu moja ya kweli: kila mmoja aliona akinunua yeye, amekiri gari lake huwa linakwama.

Tukishanunua tukabishana inalala kwa nani. Mtani ndiye aliyetoa uamuzi, na nampa sifa yake: aliyevutwa ndiye anayeifua, na inalala kwake mpaka mwingine avutwe. Na kufua si adhabu tu. Chembe za mchanga zikibaki ndani zinakata nyuzi kila kamba inaponyumbuka, na chumvi ikikauka nayo inasaga. Maji baridi, sabuni kidogo, usiipige kwenye jiwe. Kisha uianike kivulini, maana jua linaila nailoni. Na iache ikauke kabisa, nailoni ikiwa imelowa inapungua nguvu.

Mpaka leo mimi nimeifua mara 5, yeye mara 4. Shemeji yangu, mke wa mtani, ameshazoea, akiiona kwenye kamba yake ya nguo anauliza tu, "Leo nani?" halafu anasogeza kanga zake.

Niinunue tena? Ndiyo, leo hii, ya rangi ya chungwa. Jaribio linalofuata ni njia ya kutoka Muheza kupanda Amani, kwenye udongo mwekundu, mvua ikiwa imenyesha usiku. Pale si kuzama, pale ni kuteleza, na kuvutwa ukiwa pembeni ya korongo ni somo jingine kabisa ambalo nitawaonyesha hatua kwa hatua. Mvua imenyesha jana usiku. Kamba imekauka. Mtani ana...

Mmeisikia hiyo honi? Ni moja. Ngoja nizime kamera.