Darasa la Jumamosi Lindi mjini: mjusi safi, tableti bado

Mimi ni fundi umeme, kwa hiyo nilipompeleka mtoto wa dada yangu kwenye darasa la Jumamosi la sayansi na sanaa hapa Lindi mjini, jicho lilikwenda kwanza kwenye waya. Nimeshaona madarasa ya namna hii ambayo mtoto anarudi na cheti na kofia, basi.

Hili lina kazi. Sasa hivi wanajenga mfano wa mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, yule aliyechimbwa huku kwetu kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa kichwani hadi bandari ya Lindi, na leo amesimama makumbusho ya Berlin, Ujerumani. Kimo chake pale ni mita 13.27. Ticha aliandika namba hiyo ubaoni, akasema wa kwao awe mdogo mara kumi, kisha akakaa pembeni. Watoto wa darasa la nne wakagawanya, wakabishana nukta inasogea upande gani. Mmoja akapata mita 132 na ushee. Wenzake wakamuuliza atamtolea mlango gani.

Mifupa ni fito na waya wa kufungia. Nyama ni maboksi na magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga wa muhogo. Shingo ilipomalizwa ikazidi uzito, mjusi akaanguka kifudifudi. Walimu wengi ninaowajua wangeweka jiwe wenyewe ili kipindi kiishe. Huyu aliwaacha wahangaike. Wakatanua miguu ya mbele, haikusaidia. Wakataka kufupisha shingo, mwenzao mwenye futi akagoma, kipimo ni kipimo. Mwisho wakajaza mchanga mkiani, akasimama. Ningelipia hata kwa hilo peke yake.

Macho ni vitaa vilivyotolewa kwenye viberiti vya gesi vilivyokwisha, vile vyenye tochi. Betri mbili za volti 1.5 zikifuatana zinatoa 3, zinatosha kitaa cheupe. Nilikagua viungo: vyote vimezungushiwa tepu, hakuna waya ulioachwa uchi. "Mjomba, mguu mrefu ndio chanya," mtoto akanielekeza. Nikaitikia, "Ahaa!"

Kuna na igizo la wapagazi, wanaimba wamebeba maboksi kichwani. Jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa Tendaguru, mimi mzaliwa wa Lindi nimelisikia kwa mara ya kwanza kwa mtoto wa miaka kumi. Shuleni tulifundishwa Wajerumani tu.

Sasa tableti. Iko moja, watoto wamejaa chumba, na video ni za Kiingereza cha mbio. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanarushiana kandambili. Nadhani imewekwa ili neno teknolojia lionekane kwenye tangazo, wakati teknolojia yenyewe iko pale chini, kwenye fito na betri. Kama lazima itumike, basi watoto wapigie picha kila hatua ya ujenzi, wazipange na kuzitilia maelezo kwa sauti zao.

Ada ni shilingi 5,000 kila Jumamosi, vifaa ndani yake. Si ghali kwa kazi hiyo, ila huku kwetu hela inaonekana korosho ikishauzwa. Wangeruhusu kulipa kwa msimu wangepata watoto wengi zaidi wa Ng'apa na Mitwero.

Kipindi cha asubuhi kinagongana na madrasa. Zamu ya saa nane ipo, lakini imejaa wa darasa la kwanza na la pili, ambao muda mwingi wanapakana gundi wao kwa wao. Wa darasa la tatu kwenda juu, mpeleke. Na viberiti vilivyokwisha usitupe, wanavipokea.