"Mita 700 Kutoka Katikati ya Mji": Nachambua Namba Inayowadanganya Wanaotafuta Hoteli

Haya, karibuni tena jamani, na wewe unayeingia hapa kwa mara ya kwanza, karibu sana. Leo sichambui simu wala spika. Nachambua kitu kidogo ambacho utakikuta karibu katika kila programu ya kutafutia hoteli. Mnayaona maandishi haya ya kijivu chini ya jina la hoteli? Subirini niyakuze. "Mita 700 kutoka katikati ya mji." Hayo hapo. Namba hii imenikera mwaka mzima.

Habari za nyota, vitanda na bwawa la kuogelea naziruka, hizo mnazijua. Na wachambuzi wenzangu wanawaonyesha kila wiki: mto wa kitanda dakika 10, dirisha dakika 5, halafu hoteli iko wapi? Sekunde 3. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mtu anayekwenda kutembea mji hukaa chumbani kulala tu. Siku nzima yuko barabarani, kwa hiyo anachonunua hasa ni mahali.

Sasa, namba hii mara nyingi hupimwa kwa mstari ulionyooka, kama mtu aliyelaza rula juu ya ramani. Rula haijui mto. Haijui reli, haijui mlima, haijui ukuta.

Mimi nililijua hilo kwa miguu. Mwaka jana nilisafiri na mama, safari niliyomwahidi siku nyingi. Nikaona hoteli, mita 700. Nikapiga hesabu: mtu hutembea kama kilomita 5 kwa saa, yaani mita 80 na kitu kwa dakika, basi dakika 9 tumefika. Tukashuka, tukavuta mabegi. Kumbe kati yetu na hoteli kuna uwanja mzima wa reli, na daraja la waenda kwa miguu liko kule mwisho kabisa. Tulitembea zaidi ya nusu saa. Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Alifika akaketi pale mapokezi, akavua viatu, akanyamaza. Jioni hiyo hakutoka tena. Hoteli yenyewe ilikuwa safi, wahudumu wakarimu, sina neno nao. Kosa ni langu, niliiamini namba.

Hebu tazameni skrini. Nimefungua ramani ya Istanbul kwa sababu inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mji wowote ninaoujua. Hapa ni Sirkeci, upande wa Ulaya. Pale ng'ambo ni Üsküdar, upande wa Asia. Napima kwa mstari: kama kilomita 3 na nusu. Unasema, aa, natembea tu. Unatembea wapi? Katikati kuna Bosphorus, mlango wa bahari unaoukata mji huo, na lile daraja la kwanza, la 1973, siku za kawaida waenda kwa miguu hawaruhusiwi. Sasa angalieni, natoa alama ya mtu, naweka ya treni. Marmaray, reli inayopita chini ya maji tangu 2013. Unapanda Sirkeci, kituo kinachofuata ni Üsküdar. Kimoja! Mnaona? Kwa miguu namba ile haina maana, na kwa treni pia haina maana, maana uko karibu kuliko ilivyosema.

Msiondoke, hapa ndipo penyewe. Ramani ikikupa njia, kwa kawaida inakuhesabia ya saa hii uliyoshika simu. Gusa pale pa muda wa kuondoka, weka saa 5 na nusu usiku, na geuza safari: kutoka mjini kurudi hotelini. Nageuza... haya. Katika miji mingi utashangaa. Treni uliyoionea raha mchana inakuwa ya kuungaunga na basi, au haipo kabisa. Fanya hivyo kwa siku ya kazi, halafu kwa Jumapili.

Kisha ingia Street View, zile picha za mitaani ndani ya ramani ya Google. Ipo tangu 2007 na bado watu wanaichukulia kama mchezo. Dondosha yule mtu wa njano mlangoni mwa hoteli, umtembeze hadi kituoni. Taa za barabarani zipo? Pa kutembea pembeni papo, au magari yanakupita begani? Ngazi je? Na usisahau kusoma tarehe ya picha, maana mtaa wa miaka 8 iliyopita si mtaa wa leo. Kwa ngazi mimi huongeza OpenStreetMap, ile ramani ya watu wa kujitolea iliyoanza 2004. Ngazi nyingi za mitaani zimechorwa humo kwa vistari vyekundu vifupivifupi. Mwenye begi zito au mzee wa magoti, hiyo ni dhahabu.

Jina la hoteli nalo lisikulaghai. Kule Italia, Mestre iko bara, Venice ya mifereji iko majini, na bado utakuta hoteli ya Mestre ina neno Venice kwenye jina. Si pabaya, treni ni kama dakika 10, ila ujue unachokilipia. Paris ni rahisi zaidi: wilaya 20 zimejizungusha kama konokono kuanzia katikati, na tarakimu mbili za mwisho za msimbo wa posta kwa kawaida ndizo namba ya wilaya. 75004 ni ya 4, 75019 ni ya 19.

Taarifa ya chaneli kidogo: kuanzia mwezi ujao video zitatoka Alhamisi. Na mtazamaji aliyeniuliza kuhusu kiti cha magurudumu, video yako inakuja, naitaka iwe ndefu.

Nirudi kwenye bei. Zamani niliwaambia hapa lipeni zaidi mkae katikati. Nimebadili msimamo. Hoteli ya pembeni iliyo dakika 3 kutoka kituoni inaweza kuishinda ya katikati iliyo kilimani. Lakini hesabuni nauli: watu 4, safari 2 kwa siku, siku 5, hizo ni tiketi 40. Jumlisha na teksi za usiku ndipo ulinganishe. Na iliyo karibu na kituo, tafuta neno "kelele" katika maoni ya wageni, ya karibuni kwanza.

Hizi hapa hoteli zangu mbili za safari ijayo na mama. Hii, mita 400 kutoka katikati, ngazi tatu ndefu njiani. Hii, kilomita 3, kituo kiko ng'ambo ya barabara, treni ya mwisho saa 6 usiku, njia yote ni tambarare, nimeitembea kwenye Street View mara mbili. Nabofya hii ya kilomita 3. Andikeni zenu mbili hapo chini, nitazipima Alhamisi.