Milioni mbili na nusu, kompyuta ya gemu, na umeme wa Dar: uzoefu wangu

Kifaa nilichokinunua kwa kinyongo kuliko vyote ndicho ninachokisifia zaidi leo. Ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Haina taa, haiongezi fremu (zile picha za gemu kwa sekunde) hata moja, na ukishafunga kesi huioni tena. Ila mimi nina kisa nayo.

Mwaka 2022 nilinunua mashine yangu ya kwanza "ya gemu" kwenye duka moja Kariakoo. Ilikuwa na ubavu wa kioo, feni za rangi saba, na pawa saplai iliyoandikwa wati 700 kwa herufi kubwa. Jina lake sijawahi kuliona popote tena. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, halafu ukarudi kwa kishindo. Nikasikia pa! na harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima. Pawa saplai haikufa peke yake, iliondoka na madabodi, ile bodi kuu, pamoja na kadi ya grafiki inayochora picha. Fundi niliyempelekea aliichomoa, akaniwekea kiganjani, akasema: "Pima mwenyewe, mdogo wangu." Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Wati 700 zilikuwa kwenye stika tu.

Nikadunduliza karibu miaka miwili. Katikati ya 2024 nilikuwa na milioni mbili na nusu kamili, na hapo ndani ilibidi mpaka monita na UPS, ile betri ya akiba, vitoke. Kibodi na mausi nilikuwa navyo. Lengo langu lilikuwa kucheza gemu nzito kwenye 1080p (skrini ya Full HD), mipangilio juu, bila kukwamakwama, na gemu ya mpira niicheze kwenye fremu 144 kwa sekunde. Najua kuna ndugu zetu ambao wakati huo ukitaja mashine ya hali ya juu walikutajia RTX 4090, kadi ya grafiki ya bei mbaya. Kadi hiyo ilipotoka Oktoba 2022 bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,599. Kwa hela yetu ya 2024 hiyo ilikuwa zaidi ya milioni nne kabla hujanunua hata skrubu. Tuwaache na raha zao.

Nilianza na kadi ya grafiki, kwa sababu kwenye gemu ndiyo inayobeba mzigo, na ukikosea hapo hakuna kifaa kingine kitakachokuokoa. Madukani nilizunguka Kariakoo na Posta kwa Jumamosi tatu. Nilichokikuta kwa wingi ni mashine za ofisini za mtumba zilizochomekwa kadi ndogo ya GT 1030 na kuitwa "geming". Muuzaji mmoja aliniambia, "Bosi, hii inacheza kila kitu." Nikamwomba awashe Cyberpunk 2077. Akasema intaneti iko chini.

Mwisho nikabaki na kadi mbili kichwani: RTX 3060 ya NVIDIA, yenye kumbukumbu ya GB 12, na RX 6700 XT ya AMD, nayo ya GB 12. Zote zilitoka mwanzoni mwa 2021. Kwa michoro ya kawaida, 6700 XT inaiacha 3060 kwa umbali unaoonekana kwa macho. 3060 inashinda kwenye miale ya mwanga, ile rei tresingi, na inakula wati 170 wakati mwenzake anakula 230. Rafiki yangu anayehariri video za harusi nilimshauri achukue 3060 bila kujiuliza mara mbili, maana programu zake zinaelewana zaidi na kadi za NVIDIA. Mimi sihariri kitu. Nikachukua 6700 XT.

Niliinunua mtumba, Dubai. Binamu yangu anafanya kazi kule, akaenda mwenyewe Bur Dubai, kwenye ile barabara ya Khalid bin Walid yenye maduka ya kompyuta, akaipata kwa dirham 790. Ilinitoka kama 570,000. Nilijua fika kwamba kadi nyingi za mtumba zimetoka kwa wachimbaji wa sarafu za mtandaoni. Ethereum, moja ya sarafu hizo, ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilimwagika sokoni kama dagaa. Kuchimba peke yake hakuiui kadi, kinachochoka ni feni na ile pasta ya kupoozea. Kwa hiyo nilimpa binamu masharti: iwashwe mbele yake, ikimbizwe nusu saa kwenye gemu huku mimi naangalia kwa simu ya video, na programu ya GPU-Z ifunguliwe. Hiyo GPU-Z ni ya bure, inasoma chipu iliyomo ndani, na inasaidia kuumbua kadi iliyobandikwa jina la uongo. Muuzaji alinuna lakini alifanya.

Kadi ilipofika kwangu Tabata, chipu ilikuwa inagonga nyuzi 104 pale panapochemka zaidi. AMD wenyewe wanaruhusu mpaka 110, lakini chumba changu hakina kiyoyozi na Dar mnaijua. Fundi akaifungua, akabadilisha pasta, akapuliza vumbi. Ikashuka mpaka 91. Kazi ya elfu kumi na tano, na ningeirudia kwa kadi yoyote ya mtumba hata kama muuzaji ameapa kwa mama yake.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, haikunisumbua. Ryzen 5 5600 ina kori sita na thredi kumi na mbili, inakula wati 65, na inakuja na feni yake kwenye boksi, kwa hiyo hela ya kipoozeo nikaiokoa. Duka lilinisukumia 5600G kwa sababu ina grafiki ndani. Usikubali kama unanunua kadi: kashi yake, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ni MB 16 wakati 5600 ina MB 32, na unalipia grafiki ambayo hutaitumia. Kwenye madabodi nilichukua B550. A520 ilikuwa rahisi zaidi, ila haina PCIe 4.0, njia ya kasi zaidi ya kuunganisha kadi na SSD. Kuna waliosema nihamie AM5 kabisa, soketi mpya zaidi ya prosesa za AMD. Ningehamia, kama ramu yake ya DDR5 na madabodi yake visingenilazimisha nichukue kadi ndogo. Soketi ya AM4 ni ya zamani, kweli, lakini siku nikipata hela natoa 5600, naweka 5700X3D yenye kashi ya MB 96 mahali palepale, bila kubadilisha madabodi wala ramu.

Ramu ni GB 16, DDR4 ya 3200, vipande viwili vya nane. Viwili, si kimoja cha kumi na sita, na kwenye madabodi yenye nafasi nne vinakaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. SSD, ile hifadhi ya mafaili, ni NVMe ya TB 1, ya kawaida tu. Hapa sina maneno mengi, gemu hazitambui tofauti ya SSD ya laki na nusu na ya laki tatu.

Sasa pawa saplai. Niliyoichukua ni ya wati 650, 80 Plus Gold, ya kampuni inayojulikana, waranti miaka mitano, 235,000. Pale dukani kulikuwa na nyingine ya "wati 750" kwa 70,000, na nakiri mkono uliiendea. Tofauti ile ingeninunulia ramu GB 16 nyingine na chenji ikabaki. Nikakumbuka lile kopo la maziwa. Halafu tuelewane: hiyo nembo ya 80 Plus inapima ni umeme kiasi gani unapotea kama joto, haikuambii kama ndani kuna kinga ya umeme kupanda. Hilo unalipata kwa kusoma majaribio ya watu waliozifungua. Mimi nilisoma wiki nzima, mama akadhani nasomea mtihani.

UPS nayo watu wanapigwa sana. VA, kile kipimo kinachoandikwa kwenye UPS, si wati. UPS ya VA 650 nyingi zinatoa chini ya wati 400, na mashine yangu ikiwa kwenye gemu nzito inavuta kama 330, ukiongeza monita unafika pabaya. Nilichukua ya VA 1200 kwa 210,000. Inanipa dakika chache tu za kusevu na kuzima, na hizo zinanitosha. Kazi yake kubwa ni kumeza ile rudi-katika-rudi ya umeme, ambayo mtaani kwetu bado ipo. Kwa upande wa LUKU, saa tatu za gemu ni uniti moja hivi. Mama bado anaamini inakula kuliko pasi, na nimeacha kubishana.

Kesi ya 140,000, mbele wavu mtupu. Kioo mbele kinapendeza kwenye picha, ila kwenye nyuzi 32 za Machi unaoka vifaa. Vumbi linaingia, ndiyo, nafuta kila mwezi. Monita inchi 24, 1080p, 144Hz, laki nne.

Siku ya kuunganisha nilimwita mdogo wangu anishikie tochi. Tukamaliza saa nne usiku, nikabonyeza, feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo cheusi. Nikatoa ramu, nikarudisha. Cheusi. Nikatoa kadi, nikarudisha. Cheusi. Moyo ukaanza kuhesabu hela. Dogo akauliza, "Kaka, hii waya si ulitakiwa uichomeke kule chini?" Nilikuwa nimechomeka monita kwenye madabodi, na 5600 haina grafiki yoyote ndani. Nikaihamishia kwenye kadi, picha ikaja. Dogo anaisimulia mpaka leo kwenye misiba.

Na sikuishia hapo. Kwa wiki tatu nzima nilicheza kwenye 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, bila kujua, kwa sababu Windows haikupandisha yenyewe, lazima uingie kwenye mipangilio ya skrini uchague 144. Ramu nayo ilikuwa inakimbia 2400 badala ya 3200 mpaka nilipoingia BIOS, ile mipangilio ya madabodi yenyewe, nikawasha XMP inayoipa ramu kasi yake kamili. Vitu viwili vya bure, na vyote nilikuwa nimeshavilipia.

Matokeo: EA Sports FC 24 inakaa 144 haitikisiki. Cyberpunk 2077, mipangilio juu bila miale ya mwanga, inacheza kati ya 80 na 95, na ukiwasha miale inaporomoka mpaka unasikitika, kwa hiyo nimeizima na sijaikumbuka. Jumla ilifika 2,475,000, na ile 25,000 iliyobaki fundi alichukua yake kumi na tano, iliyobaki tukala chipsi.

Ninachokijutia ni kimoja. Kwa madabodi ile ningeongeza kidogo nipate yenye Wi-Fi, maana sasa nina waya wa mtandao unaovuka sebule na shangazi ameshaukanyaga mara mbili. Pawa saplai imeshapita mikatiko sijui mingapi, kimya.

Binamu anarudi Desemba. Nimemwandikia aniulizie 5700X3D, akajibu kwamba mama ameshamwagiza blenda, na begi ni moja.