Bwalo la Halali la Chuo Kimoja Mjini Wuhan: Tathmini ya Mlaji wa Miaka Miwili

Kwa miaka miwili ya shahada ya uzamili nilikula chakula cha mchana, na mara nyingi cha jioni, katika bwalo la halali la chuo kimoja mjini Wuhan, na kwa kuwa vijana wetu wanaoelekea China huniuliza habari za chakula kabla hata ya kuuliza habari za masomo, nimeona vyema nilieleze bwalo hilo kwa kirefu.

Liko ghorofa ya juu, na hutambulikana kwa kibao cha kijani chenye maandishi ya Kichina yasomwayo "qingzhen", yaani halali, pamoja na neno lenyewe kwa Kiarabu. Wachina wasio Waislamu nao hujaa humo, ila hairuhusiwi kuingia na chakula kilichonunuliwa nje. Fedha taslimu hazipokelewi dirishani. Hulipwa kwa kadi ya chuo, ambayo mimi niliipata siku ya tano baada ya kufika, kwa hiyo siku nne za mwanzo nilikula kwa kadi za watu nisiowajua, nikiwarudishia noti mkononi nao wakizipokea kana kwamba nimewapa hela za Mjerumani.

Fahari ya bwalo ni dirisha la tambi za kuvutwa kwa mkono, zinazojulikana kote China kwa jina la mji wa Lanzhou. Mpishi, ambaye kama wenzake wengi wa kazi hiyo ametokea mkoa wa Qinghai, huchukua donge la unga wa ngano, akalivuta, akalikunja na kulivuta tena mpaka lizae nyuzi, naye hukuuliza unazitaka nyembamba kama uzi au pana kama ukanda. Huja ndani ya supu ya ng'ombe iliyo safi, yenye vipande vya figili nyeupe, majani ya giligilani na mafuta mekundu ya pilipili. Bakuli moja lilikuwa yuani 12, na sikuwahi kulimaliza nikabaki na njaa. Orodha ya vyakula, hata hivyo, ni ya Kichina kitupu bila picha, na mgeni hulazimika kunyoosha kidole kuelekea sahani ya aliyemtangulia.

Dirisha la pili ni la vyakula vya Xinjiang, eneo la kaskazini-magharibi mwa China, na hapo mtu wa pwani hushangaa. Huuzwa wali uitwao "polo", uliopikwa kwa nyama ya kondoo, vitunguu, karoti na bizari nyembamba, na ni dhahiri kwamba jina hilo na pilau yetu ni ndugu wa damu. Karafuu na hiliki hazimo, kwa hiyo harufu yake ni ya upande mmoja, lakini nyama hulainika vizuri kuliko ninavyoipata kwenye shughuli nyingi za Tanga. Kwa Kichina wali huo huitwa "zhuafan", maana yake wali wa kutwaa kwa mkono, ingawa siku nilipoutwaa kwa mkono meza nzima ilinyamaza. Pembeni huwekwa "samsa", ambayo ni sambusa iliyookwa tanurini badala ya kukaangwa. Ganda lake ni gumu na sikulipenda. Ugali usiutarajie.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa kuku wa sinia kubwa, anayepikwa na viazi, pilipili hoho na punje ndogo zinazotia ulimi ganzi. Hukatwakatwa pamoja na mifupa yake, na wanafunzi wenzangu waliitema mifupa hiyo mezani bila haya yoyote. Nilidhani sinia nalijua, kwa kuwa nimekulia kwenye sinia, lakini kwetu kila mtu hula upande ulio mbele yake na kuvuka mpaka ni utovu wa adabu, ilhali wao vijiti vyao vilizunguka sinia zima, na aliyetualika alikuwa akinichagulia mapaja na kuyaweka katika bakuli langu. Nilimaliza kila alichonipa, kama nilivyofunzwa nyumbani, naye akaelewa kuwa sijashiba, akaongeza. Hali hiyo iliendelea mpaka nilipojifunza kubakiza kidogo.

Saa za kufungua ndiyo kasoro kubwa. Chakula cha jioni huanza saa kumi na moja, na saa kumi na mbili na nusu taa huanza kuzimwa, jambo ambalo katika Ramadhani ya Aprili, jua likitua dakika chache baada ya hapo, halikuwa na busara hata kidogo kwa bwalo linalojiita la halali. Malalamiko yetu ofisini hayakuzaa kitu. Kilichotuokoa ni mpishi wa tambi, ambaye naye alikuwa amefunga, na ambaye alituwekea mabakuli jikoni, tukafuturu naye tukiwa tumeketi juu ya magunia ya unga.

Kwa bei na ukarimu wa wapishi, bwalo hili nalipendekeza bila kusita. Anayetaka pilau ajue kwamba hupikwa Ijumaa tu, na afike kabla ya vipindi vya asubuhi kuisha, kwani ikigonga saa sita na nusu sufuria huwa imebaki ukoko.