Chokaa kwa safu ya maduka ya zamani: ya ndoo, ya mfuko au NHL?

Safu nyingi za maduka ya zamani pembezoni mwa miji zilifuata reli za tramu, hasa baada ya mhandisi Frank Sprague kufanikisha tramu za umeme Richmond, Virginia, Marekani, mwaka 1888. Mjenzi mmoja aliinua vyumba sita, nane au kumi kwa mkupuo: duka chini, makazi juu, ukuta mmoja kati ya kila majirani wawili. Wenye maduka wamebadilika, ukuta haujagawanyika. Mmoja akifunika sehemu yake kwa sementi, maji yaliyokuwa yakitokea hapo hutafuta njia kwa jirani.

Kwa hiyo tumepima aina tatu za chokaa zinazouzwa kwa kuziba maungio na kupiga lipu. Sementi tumeiacha nje. Joseph Aspdin alipata hataza ya sementi ya Portland mwaka 1824, lakini waashi waliendelea na chokaa kwa miongo mingi, na majengo yao yalitegemea ulaini huo. Ukuta mrefu wa mbele hauna hata mwanya mmoja wa kutanukia, kwa sababu kila ungio la chokaa husogea kidogo. Sementi haisogei. Isitoshe, inazuia maji kutoka kwenye ungio, basi hutoka kupitia tofali, chumvi inaganda ndani ya uso wake na kuubandua. Ukiona matofali yameliwa na maungio yamechomoza kama mbavu, ujue ukarabati ulifanywa kwa sementi.

Chokaa ya ndoo, yaani rojo la chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa chini ya maji, ndiyo laini kuliko zote. Nunua iliyolala miezi mitatu au zaidi. Inakuwa nzito kama siagi na haikatiki ovyo kwenye mwiko. Changanya sehemu 1 ya rojo kwa 3 za mchanga mkali wenye chembe mchanganyiko, kuanzia vumbi hadi milimita 4 hivi. Mchanga laini wa aina moja hupasua lipu, hata chokaa iwe nzuri vipi. Pima kwa ndoo, si kwa beleshi. Kumbuka pia kwamba mchanga wenye unyevu huvimba, pengine kwa robo nzima ya ujazo wake, na ukipima bila kulijali hilo mchanganyiko wako utabadilika kila siku.

Udhaifu wake ni mwendo. Huwa gumu kwa kuvuta hewa ya ukaa, takriban milimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kila tabaka la lipu lisizidi milimita 10. Funika kwa magunia yaliyolowa, kinga jua na upepo kwa siku kadhaa, na usifanye kazi chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Ukitaka kujua imefika wapi, vunja kipande na udondoshee fenolfthalini, kimiminika cha kupimia alkali: panapogeuka waridi, bado. Kwa kuta za ndani na vyumba vya juu hatuoni mshindani wake. Kwa sehemu ya chini ya dirisha la duka, panaporushiwa maji ya barabarani, tusingeiweka.

Hapo ndipo NHL (Natural Hydraulic Lime) inaposhinda, chokaa ya asili inayoweza kuganda hata penye maji. Huuzwa kwa daraja 2, 3.5 na 5, na wengi wananunua wakidhani namba hiyo ndiyo nguvu kamili. Sivyo. Kwa kanuni ya Ulaya EN 459-1 ni kiwango cha chini cha nguvu ya kuhimili mgandamizo, kwa megapaskali, baada ya siku 28. Mfuko wa 2 unaruhusiwa kufika 7, wa 3.5 kufika 10, wa 5 kufika 15. Mifuko miwili yenye namba tofauti inaweza kuwa na nguvu ileile. Omba karatasi ya vipimo vya kiwanda, ukinyimwa nenda kwingine. Sisi tungechukua 3.5 kwa ukuta wa mbele, sehemu 1 kwa 2.5 za mchanga, mashine izunguke si chini ya dakika 10 kabla ya kuongeza maji zaidi. Ile 5 ibaki kwa vichwa vya mabomba ya moshi na sehemu ya juu kabisa ya ukuta unaoficha paa. Kuitumia kwenye tofali laini ni kurudia kosa la sementi kwa jina zuri zaidi.

Ya tatu, ile ya mfuko, yaani unga wa chokaa iliyozimwa kiwandani, ni rahisi kupatikana, na ndiyo inayodanganya. Mfuko uliokaa ghalani umeshavuta hewa ya ukaa na sehemu yake imegeuka chaki. Ukilazimika, chukua mfuko mpya na uuloweke walau saa 24 upate rojo. Inafaa kupaka nyeupe, tabaka nne au tano nyepesi kama maziwa, si kujengea.

Kabla ya kuchimba ungio, soma ukuta. Duka lililokuwa bucha au la samaki huwa na chumvi iliyolowea kutokana na kuhifadhia nyama. Lipu mpya hapo itatoa majimaji kila hewa ikiwa na unyevu, na lawama itaangukia chokaa bure. Piga lipu ya kafara, iache inyonye chumvi, ibandue, kisha piga ya kudumu. Tangazo lililofifia ukutani lisipakwe rangi wala kusuguliwa. Na dirisha lililobadilishwa baada ya wateja kuanza kujihudumia wenyewe, mtindo ulioingia na duka la vyakula la Piggly Wiggly kule Memphis, Marekani, mwaka 1916, usiling'oe eti kurudisha ya kwanza: Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka mchango wa kila kipindi uheshimiwe, na kwa hili tunaunga mkono.

Maungio ya zamani yatolewe kwa tindo na nyundo, kina cha mara mbili ya upana wa ungio. Grenda hukata kingo za tofali, na kingo hazirudi. Vaa miwani: rojo lina pH zaidi ya 12, likiingia jichoni osha kwa maji safi mengi na uende kwa daktari. Mfereji uliojificha nyuma ya ukuta wa paa uzibuliwe kwanza, katika maduka yote ya safu, maana wa mwenzio ukiwa umeziba maji yatashuka kwako, na hakuna chokaa kati ya hizi itakayohimili hilo.