Ungo wa mwanga: miezi minane na rifleka ya sentimita 110

"Mwanangu, leo umekuja na ungo mchana wote huu? Unaruka kwenda wapi?" Ndivyo alivyonipokea bibi mmoja wa mtaa wa Malindi, hapa Mji Mkongwe, siku ya kwanza nilipoitoa kwenye mfuko rifleka yangu, lile duara la kitambaa la kurudishia mwanga kwa mtu unayempiga picha. Na kweli nusura iruke. Inatoka ikiwa ndogo kama sahani ya pilau, ukiiachia inafyatuka duara zima, na ukisimama vibaya inakutandika kidevuni.

Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000, muuzaji akiwa ameanzia 60,000. Ni ile ya tano kwa moja: pete ya chuma iliyovutwa kitambaa cheupe kinachopenyeza mwanga, halafu juu yake unavika ala yenye zipu ambayo ukiigeuzageuza unapata fedha, dhahabu, nyeupe au nyeusi. Sina flashi za studio. Napiga picha za sura, zaidi wazee na mabibi harusi, kwa jua la Mungu na Canon kuukuu yenye lenzi ya milimita 50, f/1.8.

Muuzaji alinisifia sana upande wa dhahabu, eti ndio unaong'arisha ngozi. Wapi! Niliujaribu saa nne asubuhi kwa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi nzuri, akatoka kama mtu aliyekurupushwa nje kabla singo haijaoshwa. Hata weupe wa macho uligeuka manjano. Nikasema nitarekebisha rangi kwenye kompyuta, lakini wapi tena: shavu moja lina dhahabu, la pili lina ubuluu wa mbingu, ukiliponya hili lile linaugua. Tangu siku hiyo sijaugeuza tena upande huo. Wa fedha una kazi yake jioni, jua likiwa nyuma ya mtu na uso umebaki gizani, ila simamia mbali. Ukiusogeza karibu, mtu anakunja uso na kutokwa machozi.

Kilichonirudishia pesa yangu ni kile kitambaa cheupe cha ndani, ambacho muuzaji hakukitaja hata kidogo. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linakaa juu ya utosi hasa. Macho yanakuwa mashimo, pua inaangusha kivuli hadi mdomoni. Vua ala, kishikilie kitambaa juu ya kichwa cha mtu, karibu uwezavyo bila kuingia kwenye picha, na jua linakuwa kama limepita nyuma ya wingu. Unaona palepale kope zinavyolegea. Sogeza nusu mita juu zaidi, na ule ulaini unapungua.

Ila kuna mtego niliojifunza kwa kuharibu kazi ya mtu. Umemfunika mteja, lakini ukuta ulio nyuma yake bado unachomwa na jua. Ukiipimia kamera mwanga wa uso, ukuta kwenye picha unaungua mweupe pepe. Siku hizi namsimamisha mbele ya mlango ulio wazi, giza la ukumbini likae nyuma yake.

Upande mweusi nao sikudhani ningeugusa. Kumbe kwenye vichochoro vyetu mwanga unarudi kutoka kuta zote mbili, uso unakuwa bapa kama chapati. Weka weusi upande mmoja, mfupa wa shavu unajitokeza.

Yule bibi wa Malindi, lakini, nilimpiga bila rifleka. Ilikuwa saa tisa na nusu, jua limeushika ukuta wa chokaa wa nyumba ya mkabala, nao unamwagia mwanga barazani kwake. Nilimwomba tu ajisogeze kidogo kuelekea mdomo wa kichochoro. Kinukta cheupe kikaingia katika kila mboni, na mikunjo ya pembeni mwa macho ikahesabika mmoja mmoja. Ungo ulikuwa umekunjwa chini ya miguu yangu.

Ubaya wake sasa. Zipu ilikufa mwezi wa nne, fundi cherehani akanibadilishia kwa 3,000. Kuikunja ni mtihani. Unaipinda mikono ikienda kinyume kama unayekamua shuka, na mara ya kwanza nilishindwa mara tatu mbele ya wakwe. Upepo ndio adui mkubwa. Paje, wakati wa kusi, ilimponyoka mpwa wangu ikabingirika hadi kwenye mwani ulioanikwa, na kina mama wenye mwani wao walitusema mpaka tukaanza kuuokota wenyewe. Kwa hiyo hesabu pia mtu wa kuishika. Mimi nampa kijana 5,000 kwa siku, na hiyo huambiwi dukani.

Ningenunua tena? Ndiyo, ila kwa mtu mmoja mmoja ningechukua ya sentimita 80, na zipu ningeifungua na kuifunga mara kumi palepale kabla ya kutoa pesa mfukoni.