Mirror, mashua ya tanga jekundu: uzoefu wangu

Kwa yeyote anayeishi Uingereza na anatamani kutweka tanga lakini hana fedha za yoti, yaani mashua kubwa ya starehe, ushauri wangu ni mmoja: tafuta Mirror iliyokwisha tumika. Mimi naiendesha kwenye mahori (mikono midogo ya bahari) ya Essex, mashariki mwa Uingereza, karibu na kijiji cha Tollesbury, na sijapata kupanda chombo kidogo kinachonipa raha kama hii.

Ni mashua ya plaiwudi, urefu mita 3.3, upana mita 1.4, na bila milingoti ina uzito wa kilo 45 hivi. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, haikuchongoka, imekatwa bapa, na kwa tanga lake jekundu unaitambua kutoka ng'ambo ya pili. Mlingoti ni mfupi. Juu yake hupandishwa mti mwingine ulioshika tanga, na aliyezoea foromali, ule mti unaoshika tanga la jahazi, ataelewa mara moja. Ukishusha, miti yote inalala ndani ya mashua, mashua inalala juu ya paa la gari, safari imekwisha. Huhitaji kulipia maegesho bandarini wala kuwa mwanachama wa klabu yoyote.

Hilo la mwisho halikutokea kwa bahati. Nilikulia Pangani, ambako tanga ni kazi ya watu wa kawaida, na hata starehe yake ni yao: Lamu, wakati wa Maulidi, mabaharia hao hao wanaochukua mizigo na samaki ndio wanaoshindana, wamejipanga juu ya ubao uliotokezwa upande wa upepo huku mji mzima ukiwashangilia. Kwa hiyo nilishangaa kukuta kwamba Uingereza, nchi iliyozungukwa na bahari, kwa muda mrefu tanga la starehe lilikuwa la wakubwa. Mwaka 1661 Mfalme Charles II alishindana na ndugu yake James kwenye mto Thames, kutoka Greenwich hadi Gravesend na kurudi, wakiwekeana pauni 100. Mwaka 1815 mabwana wa London walianzisha klabu ambayo baadaye ikawa Royal Yacht Squadron ya mji wa Cowes, na sharti mojawapo la kuingia lilikuwa kumiliki chombo kisichopungua tani 10. Thomas Lipton, yule wa majani ya chai, alizaliwa Glasgow kwa wazazi wenye kiduka cha vyakula. Aligombea Kombe la Amerika, mashindano makubwa ya yoti, mara tano kati ya 1899 na 1930, na yoti zake zote tano ziliitwa Shamrock. Hata hivyo klabu ile ya mabwana haikumkubali hadi mwaka 1931, mwaka aliofariki.

Lakini hao mabwana hawakuvuta kamba wenyewe, na hapa ndipo Tollesbury inaponigusa. Wavuvi wa hapa, wa Brightlingsea na wa Wivenhoe walivua majira ya baridi, na kiangazi wakaajiriwa kwenye yoti za matajiri. Maghala ya mbao yaliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuhifadhi vifaa vya yoti hizo bado yamesimama kando ya hori. Napita mbele yake kila ninapokwenda majini. Mwaka 1934 Thomas Sopwith, tajiri wa kiwanda cha ndege, alipojiandaa kuipeleka yoti yake Endeavour Marekani kugombea kombe lile lile, mabaharia wake wa kulipwa waligoma wakidai nyongeza. Akawaacha, akachukua watu wa ridhaa. Endeavour ilishinda mashindano mawili ya kwanza, kisha ikashindwa manne mfululizo. Sitasema mgomo ndio sababu pekee, ila naamini kabisa kwamba wavuvi wale walistahili kulipwa zaidi. Ujuzi wa mawimbi na upepo ulikuwa wao. Chombo na sifa vilikuwa vya mwingine.

Basi Mirror ilipotoka mwaka 1963 ilikuja na jambo jipya. Gazeti la Daily Mirror, lililosomwa sana na wafanyakazi, ndilo lililoidhamini, na wekundu wa tanga unatokana na rangi ya gazeti hilo. Walioibuni ni Jack Holt, fundi wa mashua, na Barry Bucknell, aliyefundisha Waingereza kwenye televisheni jinsi ya kujitengenezea vitu nyumbani. Iliuzwa ikiwa vipande kwa pauni 63 na shilingi 11, karibu mshahara wa mwezi wa mfanyakazi wa kiwandani. Mbao zilishonwa kwa waya wa shaba, kisha maungio yakafunikwa kwa utepe wa faibaglasi na rezini. Haikuhitaji karakana wala seremala. Watu waliiunda kwenye gereji na hata sebuleni. Zimeundwa zaidi ya 70,000, na nyingi bado zinaelea, ndiyo maana iliyotumika inapatikana kwa urahisi.

Majini ikoje? Upepo wa nyuma au wa ubavuni inateleza vizuri, imetulia, haikutishi. Kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, ndiko inakochelewa, kwa sababu omo ile bapa hupiga mawimbi mafupi na kukurushia maji, kwa hiyo ukijua utabisha (kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo) wakati wa kurudi, jipe muda wa kutosha. Katikati kuna ubao wa kuzamisha unaouvuta juu ukifika penye maji mafupi. Ndani ya mashua kuna masanduku ya hewa pande zote, hivyo ikipinduka haizami: unakanyaga ule ubao, inasimama, unakumba maji, unaendelea. Watu wazima wawili wanabanana. Mtu mzima na mtoto ndio kipimo chake hasa. Mpwa wangu wa miaka tisa hushika kamba ya tanga la mbele, na upepo ukizidi ananiuliza, "Mjomba, nilegeze?" kabla sijafungua mdomo. Kwenye yoti kubwa angekuwa abiria tu.

Maji ya Essex yanahitaji heshima. Yakipwa, hori lote linabaki tope, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yanaondoka kwa kasi. Tazama jedwali la kujaa na kupwa kabla ya kutoka, vaa jaketi la kujiokolea hata kama unajua kuogelea, na usidharau baridi ya maji, hata mwezi wa Juni.

Ukienda kununua, chukua bisibisi. Bonyeza plaiwudi kwenye pembe za chini za masanduku ya hewa na kuzunguka tundu la ule ubao wa katikati. Bisibisi ikizama, mbao zimeoza. Tazama kama utepe wa faibaglasi umebanduka popote. Fungua vizibo vya masanduku: yakitoa harufu ya uvundo, maji yamekaa humo muda mrefu. Tanga lililopauka si tatizo, rangi iliyobanduka si tatizo, na uozo mdogo unazibika kwa kipande kipya cha plaiwudi na rezini, kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Ila kama uozo umefika maungio ya chini kutoka omo hadi tezi (nyuma), mshukuru muuzaji, utafute nyingine.